Mstari wa Mbele

Katika ukurasa huu tumezoea kuuliza maswali yasiyo na jibu la haraka. Safari hii swali letu limetoka uwanjani, na aibu yake ni yetu wenyewe. Nalo ni hili: je, mzazi anayo haki ya kumtafutia mtoto wake kila nafasi anayoweza kumpatia? Wengi watajibu upesi kwamba hiyo si haki tu, bali ni wajibu. Nasi tulijibu hivyo, mpaka siku ya mashindano ya ngoma ya watoto.

Sisi tunaoandika haya ni baba na mama wa nyumba moja, nasi twakaa kando ya Ziwa Victoria, si mbali na mji wa Mwanza. Binti yetu wa tatu alikuwa darasa la sita alipochaguliwa kuingia kikundi cha ngoma cha shule yake. Wasomaji wenye watoto wanajua kwamba katika michezo ya shule za msingi, ile iitwayo UMITASHUMTA, haishindaniwi mipira na mbio peke yake. Ziko pia fani za ndani, yaani kwaya na ngoma. Basi watoto wetu walikuwa wakijifunza bugobogobo. Hii ni ngoma ya Wasukuma iliyotokana na kazi ya kulima. Wachezaji hushika majembe, huyazungusha na kuyarusha, na miguu hufuata mapigo ya ngoma kubwa. Ilikuwa ikipigwa shambani penyewe, ili wanaolima pamoja wasichoke upesi.

Tangu mwanzo wa mazoezi, aliyeongoza mstari wa mbele alikuwa binti mmoja wa darasa la saba, mtoto wa mama auzaye dagaa mwaloni. Kila aliyemtazama aliona kwamba ngoma imo mwilini mwake. Binti yetu alikuwa mstari wa pili, nyuma yake kabisa, naye aliridhika. Ambao hatukuridhika ni sisi.

Shule ilipoomba mchango wa sare, tulitoa vitenge vya kikundi kizima. Twasema kweli, siku tuliyovitoa hatukuwa na nia mbaya. Lakini wiki iliyofuata tulimpitia mwalimu wa ngoma, na katika mazungumzo tukasema, kama watu wanaotaniana, "Mwalimu, na huyu binti yetu naye mpe nafasi aonekane kidogo." Mwalimu alinyamaza, akatazama chini, kisha akasema, "Haya, Mzee, tutaona." Siku mbili baadaye binti yetu akawa mbele, na yule mwenzake akarudishwa nyuma.

Hatukutoa rushwa. Hivyo ndivyo tulivyojiambia mara nyingi siku zile. Hapana fedha iliyopita mkono kwa mkono, wala sharti lililotajwa. Lakini mwalimu alikuwa na vitenge vyetu kabatini, nasi tulijua kwamba anavyo.

Siku ya mashindano ikafika. Wazazi tuliwekewa mabenchi upande wa kivuli. Kikundi cha kwanza kilipoingia uwanjani, baba mmoja aliyeketi mbele alisimama ili amwone mwanawe vizuri. Waliokuwa nyuma yake nao wakasimama. Haukupita muda, watu wote walikuwa wima, na hapana aliyeona vizuri kuliko alipokuwa ameketi. Bibi mmoja, ambaye miguu yake haikumruhusu kusimama, alibaki peke yake kwenye benchi akitazama migongo yetu.

Katika kikundi cha pili, mtoto mmoja alirusha jembe lake juu, likamponyoka na kuanguka mavumbini. Aliliokota huku midomo ikimtetemeka. Nasi tulifurahi. Hatukupiga makofi, la hasha, wala hatukucheka, lakini moyoni tulisema, "Afadhali." Mtu mzima, mwenye watoto wake, anafurahia aibu ya mtoto wa mwenzake! Baadaye tulijiuliza furaha ile ilitoka wapi, maana hatukumjua mtoto yule wala hatukuwa na ugomvi na wazazi wake.

Kisha ikaja zamu ya shule yetu. Binti yetu alizijua hatua zote, wala hakukosea hata moja. Jambo moja tu hakulijua: saa ya kubadili hatua. Kila mapigo yalipokaribia kugeuka, aligeuza shingo kumtazama mwenzake aliyekuwa nyuma yake, apate kujua. Hivyo mstari wa mbele ukawa unachelewa pigo moja, na mstari wa nyuma umekwisha kugeuka. Uwanja mzima uliona. Shule yetu ikawa ya tatu.

Tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, mtoto alikaa kimya njia nzima. Tulipokaribia kushuka akauliza, "Baba, kwa nini mliniombea nafasi ya mbele? Mimi sijui kuongoza." Tukamwuliza amejuaje kwamba tuliomba. Akasema, "Wote wanajua."

Tangu jioni ile tumelifikiri jambo hili, na kwanza tulitafuta kuyalaumu mashindano yenyewe. Wako wanaosema kwamba watoto wacheze tu, wasishindanishwe. Lakini hapa Usukumani hoja hiyo ina shida, kwa sababu kushindana kwa ngoma ni mila ya siku nyingi. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno, na hasa katika sikukuu ya Bulabo ambayo huadhimishwa Bujora mwezi wa Juni, vikundi viwili husimama katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vikacheza wakati mmoja. Mshindi ni yule anayezungukwa na watu wengi zaidi. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwa yule anayewapendeza, na kesho yake wanaweza kwenda kwa mwingine. Katika mashindano hayo wachezaji wamebuni mambo mengi, hata kucheza na nyoka, na ngoma zimekua kwa sababu hiyo.

Wala tusiwasifu wazee kupita kiasi. Wachezaji walikwenda kwa waganga wakatafuta dawa ya kuvuta watu, ili umati uje upande wao hata kama ngoma ya upande wa pili ni nzuri zaidi. Sisi Wakristo husema hatuna habari na dawa hizo. Lakini vitenge vyetu vilikuwa nini? Vilikuwa dawa. Tofauti ni kwamba mganga wetu alikuwa duka la nguo.

Tena iko tofauti nyingine, nayo ni kubwa. Mgika na Mgalu ni watu wazima. Kila mmoja alishinda au kushindwa kwa miguu yake mwenyewe. Sisi tulishindana kwa miguu ya mtoto. Ndiyo maana tulifurahi jembe lilipoanguka: sisi ndio tuliokuwa uwanjani, na mtoto yule alikuwa mpinzani wetu. Ubaya basi haukuwa katika mashindano, bali katika wazazi walioyaingia bila kuitwa.

Tufikiri sasa juu ya mema tunayowatakia watoto wetu. Yako mema ya namna mbili. Mengine ni kama moto: jirani akija na taa yake akawasha kwenye moto wetu, wetu haupungui. Elimu ni ya namna hiyo, na afya, na adabu, na furaha ya kucheza ngoma pamoja na wenzako. Mengine ni kama kigoda: akiketi huyu, yule anasimama. Nafasi ya mbele ni kigoda. Mema ya namna ya kwanza mzazi na ayatafute usiku na mchana, wala hapana atakayemlaumu. Lakini akitafuta kigoda, hana budi kuuliza ni nani ameinuliwa ili mwanawe akae.

Mtu atasema, "Maneno hayo ni mazuri, lakini dunia haiendi hivyo. Kila mzazi anaomba. Asiyeomba, mtoto wake ataachwa nyuma." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuwezi kuipuuza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini mama wa mwaloni naye ni mzazi. Yeye hakuwa na vitenge vya kutoa, wala hakuwa na nafasi ya kumpitia mwalimu jioni, kwa kuwa jioni ndiyo saa ya kuanua dagaa. Wazazi wote wakipewa ruhusa ya kuomba, wanaoweza kuomba ni baadhi tu. Na hata wote wakiweza, mwisho wake ni kama mambo ya mabenchi yale: wote tutasimama, na hapana atakayeona.

Katika Injili tunasoma juu ya wana wawili wa Zebedayo na ombi la kuketi kuume na kushoto katika ufalme. Marko anasema walioomba ni wana wenyewe. Mathayo anasema aliyeomba ni mama yao. Wazazi hawatashangaa kwamba habari moja inasimuliwa kwa namna mbili, maana sisi tunajua jinsi tamaa ya mzazi na tamaa ya mtoto zinavyoweza kushikamana hata zisitambulikane. Lakini tusisahau wale wanafunzi kumi. Walikasirika waliposikia. Kwa hiyo ombi lile lilikuwa la namna ambayo wengine hawakupaswa kulisikia.

Hapo ndipo tulipopata kipimo ambacho tunawaletea wasomaji. Mzazi anapotaka kumwombea mwanawe nafasi, ajiulize: "Je, ningeweza kusema maneno haya mzazi wa mtoto yule mwingine akiwa amesimama papo hapo?" Kama angeweza, aseme. Kama asingeweza, anyamaze. Sisi tusingeweza. Kama mama yule angekuwa mlangoni kwa mwalimu, utani wetu ungetukwama kooni.

Kipimo hiki hakimzuii mzazi kufanya kazi yake. Afanye mazoezi na mtoto uani, amwamshe mapema, amnunulie viatu, amtie moyo. Hayo yote yanaongeza kitu ndani ya mtoto. Ombi letu halikumwongezea binti yetu kitu, bali lilimpunguzia. Aliingia uwanjani akiwa mchezaji mzuri wa mstari wa pili, akatoka akiwa kiongozi mbaya wa mstari wa kwanza. Na zaidi ya hayo, alijua kwamba wazazi wake hawakuridhika naye alivyokuwa.

Wiki ile tulikwenda kwa mwalimu tukamwomba radhi. Yeye naye alikiri kwamba alishindwa kusema hapana, lakini deni tulimfunga sisi. Kisha tukaenda mwaloni. Mama yule alikuwa akigeuza dagaa juani. Tulimweleza yote, tusifiche neno. Alisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea na kazi, kisha akasema, "Kumbe ni ninyi. Mwanangu alilia usiku ule, akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia pengine siku hizi hachezi vizuri, aongeze bidii."

Hatukuwa na la kujibu. Tulidhani tumechukua nafasi tu. Kumbe tulisababisha mtoto aambiwe uongo juu ya kipaji chake, na aambiwe na mama yake mwenyewe, ambaye hakujua kwamba anasema uongo. Tuliomba tuzungumze na mtoto, mama akatuita jioni, nasi tukamwambia ukweli mbele ya binti yetu. Alitusikiliza kwa adabu akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi, wala hatukuwa na haki ya kudai zaidi. Alikuwa darasa la saba. Mashindano yale yalikuwa ya mwisho kwake katika shule ile, na hapana awezaye kumrudishia.

Binti yetu yumo bado kikundini, amerudi mstari wa pili, na kila siku huturudia nyumbani akiwa na vumbi na kicheko. Vitenge vimebaki shuleni, na tumemwomba mwalimu asitutaje tena kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena kutazama. Baba mmoja alisimama mbele yetu, kama kawaida, na wengine wakamfuata. Sisi tuliketi. Twakiri kwamba kwa kitambo kirefu hatukuona ila migongo, na moyo ulituuma sana kuinuka. Lakini waliokuwa nyuma yetu, walipoona kwamba sisi hatuwazibi, nao waliketi.