Silikoni Iliyoua Paa

Kioo cha nyuma kwenye magari mengi ya paa la turubai hakishonwi, hubandikwa kwa gundi. Zamani mengi yalikuwa na dirisha la plastiki. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na la kufunga kwa zipu. Plastiki hupauka kwa jua na kukatika pale inapokunjwa, ndipo watengenezaji wakahamia kwenye kioo halisi chenye nyaya za kuondoa ukungu. Kioo hakipauki. Lakini turubai likizeeka husinyaa, baridi hulikakamaza, na kila paa linapokunjwa na kukunjuliwa ukingo wa kioo huvutwa, mpaka siku gundi inaachia.

Kijana mmoja niliyemfahamu Leicester, Uingereza, alinunua gari la aina hiyo likiwa limeshatumika. Asubuhi moja ya baridi akakuta ukingo wa juu wa kioo umeachana na turubai, nafasi ya kupita kidole. Mvua ilikuwa njiani. Akaenda dukani, akarudi na silikoni ya kuzibia bafu, ile inayonuka siki, akaipaka kwa wingi na kuibana kwa tepu. Namwelewa: maji yakiingia yanalowesha viti, na gari lilikuwa limeshameza akiba yake yote. Lakini hapo ndipo alipoliua paa.

Silikoni ilishika kwa muda. Jua lilipotoka, akabonyeza kitufe ili akunje paa. Turubai likavuta, kioo kikang'oka upande mmoja na kuning'inia. Bahati yake aliachia kitufe mapema. Kioo cha namna hii kikibanwa na vyuma vya paa huvunjika chote kwa mpigo, chenga tupu.

Akalipeleka gari kwa fundi. Fundi alipitisha ukucha kwenye ukingo wa turubai, akakwangua utando laini uliokuwa uking'aa, kisha akauliza swali moja tu: umeweka nini hapa? Alipojibiwa, akaikataa kazi. Hakuwa anaringa. Silikoni kwenye kioo unaweza kuikwangua kwa wembe, lakini ikishaingia kwenye nyuzi za kitambaa haitoki, na gundi nyingine haishiki juu yake. Kijana akalazimika kununua paa zima jipya.

Angemwendea fundi mapema, kazi ingekuwa ndogo. Gundi ya zamani hukwanguliwa, kioo na turubai vikafutwa kwa spiriti na kuachwa vikauke. Ukingo wa kioo hupakwa praima nyeusi, kwa sababu mionzi ya jua huila gundi. Kisha inakuja gundi ya yurethani, ileile ya kubandikia vioo vya mbele. Paa hulegezwa kidogo ili turubai lisivute, kioo kikaegemezwa kwa ubao kutoka ndani, na ukingo wote ukabanwa sawasawa. Yurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, na kwenye baridi huchelewa, kwa hiyo saa 24 ni kiasi cha chini ninachokiamini.

Kama kioo chako kimeachia leo na fundi yuko mbali, funika gari kwa turubai lingine au liingize gereji. Usipake chochote kwenye ukingo ule, hata supaglu, maana ikikauka inakuwa ngumu na kukatika kitambaa kinapojikunja. Na kitufe cha paa kisiguswe.