Mlikwenda Sita, Mmerudi Watano

Ndugu zangu wa mtaa,

Vijana wetu wanakusudia kufanya mashindano ya kuogelea baharini mwezi wa Novemba, wakati kusi imekwisha na bahari imetulia. Wamekuja nyumbani kuniomba niwe mwamuzi wao, nami nikawaambia wanipe siku mbili nifikiri. Walidhani kwamba ni kwa ajili ya magoti yangu. Magoti yanauma kweli, lakini sababu si hiyo. Sababu ni jambo lililotokea mwaka 1979, ambalo sijapata kulisimulia mbele ya watu. Hata mwezi wa Machi mwaka huu, nilipopewa nafasi ya kusema machache katika mazishi ya rafiki yangu, nilimsifu kwa uvumilivu na uaminifu wake, lakini niliyomtendea mimi sikuyataja. Leo nataka kuyasema, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo yafaa tulifikiri pamoja: je, mtu anaposhindana na rafiki zake, urafiki huwekwa kando mpaka mashindano yaishe?

Tulikuwa wanachuo wa ualimu, huku pwani ya kusini, vijana wa miaka ishirini na kitu. Kati yetu alikuwamo mmoja wa Newala. Wanaoijua Newala ya siku zile wanajua kwamba kule juu uwandani maji yalikuwa taabu. Akina mama waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Kijana huyu alikuwa hajapata kuingia katika maji ya kumfika kiunoni mpaka alipokuja chuoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea. Nilianza kwa kumfundisha kulala chali juu ya maji, masikio ndani, macho mbinguni, na kupumua polepole, kwa maana ndivyo marehemu baba alivyonifundisha mimi. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, na alinitegemea kama mtoto anavyomtegemea mwalimu wake wa kwanza.

Siku ya Saba Saba hatukuwa na masomo. Tulikubaliana, sisi rafiki sita, kushindana kutoka ufukoni hadi kwenye jahazi lililotia nanga, kulizunguka, na kurudi. Wa mwisho angewanunulia wenzake chai na maandazi. Hatukuwa na mashua ya kutufuata, wala mwamuzi, wala hatukumwuliza mwenyeji yeyote habari za maji. Tulikuwa na ahadi tu: twende sote, turudi sote. Ahadi hiyo niliitamka mimi.

Ilikuwa alasiri, kusi inavuma, na maji yameanza kutoka. Kwenda kulikuwa rahisi, kwa kuwa maji yalitusukuma. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nilipolizunguka jahazi nilikuwa wa pili. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja wa Kilwa, hodari wa kuogelea, nami sikuwa na wazo jingine duniani ila nyayo zake zilizokuwa zikipiga maji mbele ya uso wangu. Nilimpita tulipokaribia kukanyaga chini. Nikatoka majini nikirukaruka kwa furaha. Wengine wakafika mmoja mmoja, tukajitupa mchangani, tukacheka na kubishana.

Karibu nasi palikuwa na mama mmoja akianua dagaa wake. Akasimama, akatutazama, kisha akatazama baharini. Akasema, "Wanangu, mlikwenda sita, mmerudi watano."

Sisi tulikuwa walimu wa kesho. Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa namna ya kumfundisha mtoto hesabu kwa vijiti na vizibo vya soda. Lakini aliyehesabu ni mama yule.

Mzee mmoja mvuvi alisukuma mtumbwi wake, akapiga kafi kupita jahazi, mbali kabisa. Alimkuta amelala chali juu ya maji, kimya, kama nilivyomfundisha. Alipoletwa ufukoni alitapika maji ya chumvi na kutetemeka, tukamfunika kwa kipande cha tanga. Usiku ule, tulipokuwa peke yetu bwenini, nilimwuliza mbona hakuita. Akanijibu, "Sikuwa na pumzi ya kuitia. Nilikuwa nauona mgongo wako. Nikasema moyoni, sasa hivi atageuka." Hakusema zaidi, si usiku ule wala katika miaka zaidi ya arobaini iliyofuata. Tuliendelea kuwa marafiki. Nami sikumwomba radhi.

Basi, ndugu zangu, katika miaka hiyo yote nimejitetea mbele ya dhamiri yangu kwa njia nyingi. Nitazitaja, kwa maana nadhani si zangu peke yangu.

Utetezi wa kwanza ulikuwa huu: sikusikia. Ni kweli, sikusikia kitu. Methali yetu husema kwamba mfa maji haishi kutapatapa, nami nilikua nikiamini kwamba mtu anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Baadaye nilijifunza kutoka kwa watu wenye kazi ya uokoaji kwamba mara nyingi sivyo. Mdomo wake unapozama na kuibuka, pumzi chache anayoipata ni ya kuvutia hewa, si ya kuita. Mikono yake huyakandamiza maji pande zote mbili ili kichwa kiinuke, haiwezi kupunga. Kwa mtazamaji wa mbali huonekana kama mtu aliyesimama tu majini, na huenda ikapita chini ya dakika moja kabla hajatoweka. Hapo ndipo utetezi wangu ulipovunjika. Kwa mtu ambaye shida yake haina sauti, hakuna faida kungoja sauti. Ni lazima kutazama. Wala hii si habari ya baharini tu. Jirani aliyeacha kuja ibadani, mjane ambaye moshi wa jiko lake hauonekani siku hizi, kijana aliyekuwa mchangamfu na sasa amenyamaza: hao nao hawaiti. Sisi husema hatukusikia, na twasema kweli, na kweli hiyo haitusaidii.

Utetezi wa pili: alikwenda kwa hiari yake. Alikuwa mtu mzima, alijua bahari ni bahari. Lakini hiari yake ilisimama juu ya nini? Asingeingia majini peke yake. Aliingia kwa sababu tulikuwa sita na kwa sababu tulikuwa tumeahidiana. Huwezi kuitumia hiari ya mtu kama ngao, huku umeivunja ahadi iliyomfanya akubali.

Utetezi wa tatu sisi hatukuwa nao, ila vijana wa leo watakuwa nao: wapo watu waliowekwa kuangalia. Hapa nataka kutaja jambo linalojulikana. Tarehe 23 Oktoba 2010, huko Fujairah katika Falme za Kiarabu, yalifanyika mashindano ya dunia ya kuogelea baharini, mwendo wa kilomita 10. Miongoni mwa washindani alikuwamo Mmarekani, Fran Crippen, mwenye umri wa miaka 26, ambaye mwaka uliotangulia alipata nishani ya shaba katika mbio kama hizo huko Roma. Maji yalikuwa na joto siku ile. Washindi walifika, na Crippen hakufika. Waliotambua kwamba hayupo ni wenzake, waliokuwa wamemaliza mbio na kuchoka. Nao walirudi majini kumtafuta. Mwili wake ulipatikana baada ya saa kama mbili. Baadaye chama cha kuogelea cha dunia kiliweka kanuni kwamba mashindano ya namna hiyo yasifanywe katika maji yenye joto la kuzidi nyuzi 31, wala ya baridi ya chini ya nyuzi 16.

Siandiki haya ili kumlaumu mtu. Nayaandika kwa kuwa yale yalikuwa mashindano makubwa, yenye wakuu na kanuni, na hata hivyo aliyegundua pengo alikuwa rafiki. Mwangalizi huhesabu vichwa. Rafiki hutafuta uso fulani. Kazi hizi mbili si moja, na ya kwanza haiiondoi ya pili. Tunapoweka watu wa kuangalia, na ni wajibu tuwaweke, tusidhani kwamba tumewakabidhi na urafiki wetu.

Utetezi wa nne ndio mgumu zaidi, na wanafunzi wangu hodari wangeuleta upesi. Watasema: Mwalimu, kama kila mtu atageuka nyuma kila mara, mbio zitakuwa zimekwisha. Mashindano ni kumwacha mwenzako nyuma. Asiyetaka kumwacha mtu asishindane. Neno hili lina kweli ndani yake. Mimi sipingi mashindano. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini na nimeona jinsi mtoto anavyojigundua anapokimbia na mwenzake.

Lakini tazameni wenzetu wa mashua za tanga. Katika kitabu chao cha sheria za mashindano, sheria ya kwanza kabisa yamtaka kila mshindani kutoa msaada wote awezao kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Imewekwa kabla ya sheria za kupishana na za kugeuza tanga. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mashindano ya mashua yalifanyika Pusan. Mkanada mmoja, Lawrence Lemieux, alikuwa wa pili katika mbio zake, upepo ukiwa mkali, alipowaona watu wawili wa Singapore ambao mashua yao imepinduka. Hawakuwa wa mbio zake wala wa nchi yake. Akaiacha njia yake, akawatoa majini, akangoja mpaka chombo cha doria kikaja kuwachukua. Alimaliza wa 22. Waamuzi wakamrudishia nafasi ya pili aliyokuwa nayo. Katika jumla ya mbio zote hakupata nishani ya ushindi, ila alipewa nishani ya heshima ya Pierre de Coubertin.

Mbio zile hazikuharibika. Kinyume chake, nadhani zilionyesha mbio zimesimama juu ya nini. Tunaweza kumwacha mwenzetu nyuma kwa furaha kwa sababu tumekwisha kukubaliana kwamba hatutamwacha kwa kweli. Mashindano ni ruhusa ambayo marafiki wamepeana kwa saa moja, na urafiki ndio unaoitoa ruhusa hiyo. Kama urafiki ungewekwa kando, kile kilichobaki kisingeitwa mchezo. Kingekuwa ni watu wanaokimbia hatari, kila mtu na roho yake. Swali la Kaini tulifundishwa wengine wetu tangu darasa la kipaimara, na sikumbuki kuambiwa kwamba siku za michezo halituhusu.

Utetezi wa tano ni halali, nami naukubali: anayemwendea mfa maji bila ujuzi huenda wakazama wote wawili, kwa maana atakumbatiwa na kuvutwa chini. Hiyo ni kweli, na vijana waijue. Lakini wajibu ninaousema hauanzi kwa kumshika mtu. Waanza kwa kumtazama, kumhesabu, kumwita, kumtupia dumu tupu au ubao au kamba, na kumwita mwenye mtumbwi. Yule mama wa dagaa hakujua kuogelea hata kidogo, naye ndiye aliyemwokoa rafiki yangu.

Siku mbili zimepita, na vijana nimekwisha kuwajibu. Nimewaomba waulize wavuvi habari za maji kabla ya kuchagua siku na saa. Wawepo wenye mitumbwi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma ya waogeleaji. Tena waingie wawiliwawili, kama tulivyofundishwa katika uskauti: filimbi inapolia, kila mtu aushike mkono wa mwenzake na kuuinua juu, na asiyemwona mwenzake apige kelele hapo hapo. Na jina la mshindi lisitajwe kabla hesabu ya waliotoka majini haijalingana na hesabu ya walioingia.

Kijana mmoja akaniuliza, "Sasa, Babu, unakubali kuwa mwamuzi?" Nikamwambia kazi ya kutazama nani wa kwanza wampe mwingine mwenye macho mazuri. Mimi nitakaa ufukoni kwenye kiti changu, na daftari na penseli, niwahesabu wanaoingia na wanaotoka. Kuhesabu kwenyewe ni kazi niliyoiacha siku moja mwaka 1979, na rafiki yangu alinisubiri nigeuke, nami sikugeuka. Yeye siwezi tena kumwomba radhi hapa duniani. Wewe ambaye wako bado yu hai, nenda kamwombe leo.

Wenu,
Mwalimu Mstaafu