Mwalimu wa Pugu



Mwaka 1955 Julius Nyerere aliacha ualimu katika shule ya Wakatoliki pale Pugu, akakifuata chama cha siasa cha TANU. Nyumbani kulikuwa na familia ya kulisha. Lakini chaki haikumtoka mkononi: alipokuwa Rais wa Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, bibi na babu wakainamia madaftari, wakijifunza kuandika majina yao. Naye alidamkia Misa hata siku za kazi. Alikosea pia: kuwahamishia watu vijijini kwa nguvu kuliwaumiza wengi. Mwaka 1985 aling'atuka, akarudi Butiama kulima.

Nawe uliyekabidhiwa uongozi kama yeye, mwenye ufunguo wa ofisi ya kijiji, yupo mama anayekusubiri barazani tangu saa moja. Kamfungulie.