Injini Ni Yake?

Mnunuzi kutoka Dar aliizunguka Land Rover 109 ya marehemu baba, hapa Mbinga, akauliza: "Dogo, injini ni yake?" Namba ya kwenye kadi siyo iliyogongwa kwenye bloku, ila grisi ilikuwa imeifunika. Na ada ya chuo ya mdogo wangu ilikuwa mfukoni mwa huyo bwana.

Sasa ndugu msomaji, "yake" ni ipi? Iliyotoka nayo Solihull ilikufa mlimani, tukipanda kutoka Mbamba Bay na usipa. Hii ndiyo iliyobeba kahawa, na wagonjwa hadi Liuli. Mlio wake naujua gizani. Kwangu ndiyo yake. Lakini jamaa hakuuliza mapenzi yangu. Aliuliza ya kiwandani, na bei aliyotaja ilikuwa ya hiyo. Nikachukua tambara na petroli, nikafuta. Akasoma namba, akakuna kidevu, akaanza kuhesabu upya.