Safari ya Familia Maskini

Likizo inapokaribia watoto hutuuliza, "Mwaka huu twaenda wapi?" Nasi hujibu upesi kwamba safari za nchi za nje ni za matajiri. Lakini tufungue Luka 2. Yusufu na Mariamu walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo Torati iliwaruhusu wasioweza kununua mwana-kondoo. Hata hivyo walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, pamoja na jamaa na jirani zao.

Sisi wa Himo mpaka uko mlangoni. Ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, na Taveta ikawa mbali kama Ulaya. Leo twavuka Holili, twapita Voi, twafika Rabai karibu na Mombasa, alikotoka Rebmann wa CMS aliyeuona mlima wetu mwaka 1848. Familia tatu nne zikichanga nauli tangu Januari, zikashughulikia hati za kusafiria mapema na kubeba ndizi zao, zitafika. Tena mtoto yatima wa jirani atapata nafasi.

Ila tusikope. Sisi tulikopa mwaka mmoja, kwa kuogopa kuonekana wanyonge. Tulirudi na picha nzuri, ada ya shule haipo, na mwanetu akakaa nyumbani wiki tatu akiwatazama wenzake wakipita. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuumiza.

Na njiani tuhesabu watoto kila kituo. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani.