Mwalimu na Neno "Sijui"

Kila mwaka vijana wetu wa vyuo vikuu huenda mashuleni kufanya mazoezi ya ualimu. Wale watakaofundisha sayansi wamekwisha kujifunza mengi juu ya joto, umeme na viumbe. Lakini liko swali moja la dhamiri ambalo yafaa waliandae mapema: mtoto akiuliza jambo usilolijua, utamjibu nini?

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba katika Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akiogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda, hali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yangali majimaji. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyetoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Mgeni hakumdhihaki, alikiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja, na hata leo wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Labda mtu atasema: "Mwalimu akikiri kutojua, watoto watamdharau." Twajibu: heshima iliyojengwa juu ya kujisingizia ujuzi haina msingi. Amri ya nane yatukataza uwongo, wala haikumtoa mwalimu mbele ya ubao. Tena anayemnyamazisha mtoto kwa kicheko amkosea mara mbili: amficha ukweli, na kumfundisha kuogopa kuutafuta.

Lakini tusikosee. Neno "sijui" likiishia hapo ni uvivu tu. Osborne hakulikubali neno la kijana kwa sababu ya huruma, alilipima. Unyenyekevu wa kweli husema, "Sijui, haya, tujaribu," kisha huleta chombo, maji na saa.

Basi, wakufunzi wa vyuo wawazoeze vijana wao neno hilo, wala wasiwapunguzie alama kwa kulitamka kwa unyofu. Nasi wazazi tusijione tumo nje ya shauri hili. Mtoto akituuliza jioni kwa nini mwezi unamfuata njiani, je, twamwambia anyamaze ale? Mwenyezi Mungu ndiye aliyempa mtoto akili ya kuuliza. Ole wetu tukiizima kwa kuona haya!