Mate ya Antonio

Je, kumpenda mtunzi kunatulazimisha kuyakubali yote aliyoyaandika? Msomaji huvutwa na ufundi wa mtu, akayahifadhi maneno yake moyoni, kisha siku moja akagundua kwamba ndani ya uzuri ule mna jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Swali hili nimeishi nalo miaka mingi, na kitabu kilichonitwika ni Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapwa mwaka 1969.

Sisi wa Kiabakari tunakiona kitabu hiki kuwa cha nyumbani. Butiama, alikozaliwa mfasiri mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ni jirani yetu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alilelewa kwa Kizanaki. Mimi niliyejifunza ushairi na kufasiri pasipo mwalimu nilipata ujasiri kwake: kumbe lugha iliyokutwa njiani nayo yaweza kubebeshwa mzigo mzito.

Jioni moja niliwasomea wazee wachache onyesho ambalo Shylock, Myahudi mkopeshaji, anamkumbusha Antonio, mfanyabiashara Mkristo aliyekuja kukopa, kwamba alizoea kumtemea mate na kumpiga teke kama mbwa. Mzee mmoja, aliyefanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Kiabakari kabla haujafungwa, akanikatiza: "Mwanangu, alimtemea ili ambariki?" Hakuwa anafanya mzaha. Huku kwetu wako wazee ambao hubariki kwa mate. Nikamjibu, "Hapana, baba. Alimtemea kwa dharau." Akanyamaza. Nilipofika kwenye kesi, pale Shylock anapodai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, akashindwa, akanyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, mzee akauliza tena: "Na kesi ya mate, ilisikilizwa lini?"

Nilizipekua kurasa kana kwamba jibu limo. Halimo. Mahakama ile ya Venisi inaichunguza kwa makini nyama ambayo haikukatwa, wala haiulizi habari za mate yaliyokwisha kutemwa.

Swali la mzee lilinirudisha utotoni. Niliposoma kitabu kile mara ya kwanza, nilicheka hadi machozi Shylock aliposhindwa. Sikuwa nimepata kumwona Myahudi maishani mwangu. Niliyemwona akilini alikuwa Mhindi mmoja mwenye duka, aliyeandika madeni ya mama yangu katika daftari lake. Sisi watoto tulimwimbia nyimbo za kejeli mlangoni kisha tukakimbia. Sikumbuki hata siku moja alipomdai mama kwa ukali. Nakumbuka unga aliotukopesha mvua zilipokosekana. Lakini kicheko changu kilihitaji mtu wa kumwangukia, naye alikuwa karibu.

Watazamaji wa kwanza wa Shakespeare nao hawakutofautiana sana nami. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, wala haikuwaruhusu kuishi humo waziwazi hadi 1656. Walimcheka jirani ambaye wengi wao hawakuwahi kuwa naye. Mwaka 1943, katika jiji la Vienna chini ya utawala wa Hitler, tamthilia hiyo hiyo iliwekwa jukwaani ili Shylock achukiwe, huku Wayahudi wa kweli wakipelekwa kuuawa. Na karibu yetu, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Amin hakumhitaji Shakespeare; alihitaji vicheko vingi vinavyofanana na changu. Wasomaji wa visiwani wana kumbukumbu zao, nami sitazisema kwa niaba yao.

Wako wasemao kwamba mtunzi apimwe kwa zama zake. Ni kweli, ila haitoshi, kwa sababu ni Shakespeare huyo huyo aliyempa Shylock hotuba ya kudai ubinadamu wake, na mtu awezaye kuiandika hotuba ile hakuwa kipofu. Wako pia wasemao kitabu kitupwe. Kingetupwa, mzee wangu asingepata pa kuulizia. Kishawishi cha tatu ni chetu sisi wafasiri: kuyafuta mate kimyakimya, tuandike "alimdharau" na kuendelea. Huo ni wizi, maana tunamwibia msomaji ushahidi.

Mwalimu naye aliligusa jambo hili kwenye jalada. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Jina la Kiswahili limewataja wengi. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, hapo kale lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani angelisikia bila kusikia unyonyaji? Kwa neno moja, Antonio na Shylock wamekalishwa benchi moja la washitakiwa. Nalipenda jina hilo, kwa kuwa linamwondolea Shylock upweke wa hatia. Hata hivyo nabishana nalo. Kumkalisha aliyetema pamoja na aliyetemewa, kwa sababu tu wote wawili wana fedha, ni kuisahau kesi ya mate kwa mara ya pili.

Basi nimejifunza kumpenda mtunzi, na mfasiri wake pia, kama mtu ampendavyo mzazi: kwa heshima, bila kumficha makosa yake, wala kumtoa nyumbani kwa ajili ya makosa hayo. Kitabu kikubwa kinastahimili kushitakiwa. Tusilolipata haki ni kukishitaki kitabu peke yake, ilhali kicheko kilitoka vinywani mwetu.

Mzee yule amekwisha kufariki. Mwenye duka alihama zamani, na sikuwahi kumtafuta. Deni la unga mama alilimaliza. Deni la zile nyimbo bado liko juu yangu.